Chupa ya vitamini na mguu wa mama

Siku ile ya mvua mama alirudi kutoka misa na sandali moja. Tulikuwa tumeshuka naye kilima cha Kadutu, hapa kwetu Bukavu, mashariki mwa Kongo, polepole, mkono wake begani kwangu, tukawapita wauza makala, yaani makaa ya kupikia, na wale wa avoka, tukafika nyumbani, nikamkalisha kwenye kiti chake. Hata hatujapumua, mtoto wa jirani akaingia mbio na sandali ya pili mkononi, tope tupu. "Koko," yaani bibi, "umeacha kiatu chako kule kwenye mfereji." Mama akautazama mguu wake wa kulia kama anautazama mguu wa mgeni. Kidole kikubwa kilikuwa kimechanika, damu imechanganyika na udongo. Hakuwa amesikia kitu. Si baridi ya tope, si mawe, si kidonda chenyewe.

Hiyo ilikuwa Machi 2023. Mama alikuwa na miaka 73, na mimi nilikuwa nimempa kidonge cha vitamini kila asubuhi kwa miezi kumi na minne, bila kukosa hata siku moja.

Vitamini hiyo ilitoka Liège, Ubelgiji. Yaya yangu, ndugu yangu mkubwa, anaishi huko miaka mingi, na kila akisikia mtu anarudi Bukavu humpa kifurushi: soksi za mama, betri za redio, na chupa. Chupa ya plastiki yenye vidonge 100, na juu yake picha ya mzee mwenye mvi anayecheka kama kijana. Imeandikwa kwamba ni kwa watu wa miaka 50 na zaidi. Mama aliiweka juu ya kabati, kando ya picha ya marehemu baba, na wageni wakija anawaonyesha: "Mwanangu ndiye alinitumia." Kwa mama ile chupa ilikuwa ni mtoto wake aliye mbali. Kwangu mimi ilikuwa kitu kingine, na imenichukua muda kukikubali. Ilinipa ruhusa ya kutouliza. Mimi ni fundi wa kushona, nina mashine mbili pale Nyawera, natoka saa moja asubuhi na kurudi giza likiingia. Nikishamtilia mama kile kidonge kiganjani na kumpa kikombe cha chai, nilihisi nimelipa deni la siku nzima.

Na dalili zilikuwepo. Aliuliza jambo moja mara tatu kabla chai haijapoa. Aliacha kutarizi vitambaa vya meza, yeye aliyenifundisha kushika sindano, akasema macho yamechoka. Kumbe ni vidole. Usiku alilalamika kwamba amelala na soksi, na miguu ilikuwa mitupu. Wote nyumbani tulikuwa na jibu moja: uzee. Na dawa ya uzee ilikuwa juu ya kabati.

Hapa kwetu neno "vitamini" limebeba mizigo mingi. Vile vidonge vidogo vya manjano vya B-kompleksi vinavyohesabiwa famasini na kufungwa kwenye karatasi ni vitamini. Seramu anayotundikiwa mtu aliyechoka, ikageuzwa rangi kwa ampuli moja, ni vitamini. Na siro ya kuleta hamu ya kula nayo ni vitamini. Hiyo ya mwisho karibu itupotezee mama kabla ya mguu.

Ilikuwa Novemba 2022. Mama alikuwa amepungua, kitenge kinamzunguka mara mbili. Muuzaji wa famasi moja alinipa siro akisema, "Mama, hii ni vitamini tu, haina ubaya, utaona atakavyokula." Kweli, siku mbili alikula. Siku ya tatu alilala mpaka saa sita mchana, akaamka akimtafuta baba, ambaye tulimzika 2011, anataka kumpelekea maji ya kuoga. Binti yangu anasoma ISTM, chuo cha ufundi wa tiba. Alichukua boksi, akasoma karatasi ya ndani kwa mwanga wa simu: siproheptadini. Ni dawa ya mzio. Njaa inayoleta ni athari yake mojawapo tu. Athari nyingine ni usingizi mzito, kinywa kukauka, mkojo kuzuilika, na kwa mtu mzee akili kuvurugika. Tuliimwaga yote chooni, na baada ya siku nne mama akarudi kuwa mama.

Pale ndipo ningeuliza kwa nini amekonda. Sikuuliza. Nilirudi kwenye chupa ya Liège nikisema afadhali hii, ya kweli, ya Ulaya.

Baada ya ile siku ya sandali tulikwenda kituo cha afya cha karibu. Walisafisha kidonda vizuri, wakapima sukari, maana mama ana ugonjwa wa sukari tangu 2014, wakapima na damu. Himoglobini, kipimo cha wingi wa damu, 12.3. "Damu iko sawa, mama. Ni sukari na umri." Mimi nilifurahi. Binti yangu hakufurahi. Alishinda siku mbili akiuliza watu shuleni kwake, mpaka tukapata nafasi kwa dokta mmoja, mwanamke, kijana kuliko mimi.

Hakuanza na mguu. Alitaka kwanza kuona dawa zote. Nikapanga mezani: metformini ya 850, asubuhi na jioni, miaka tisa sasa, dawa ya tansio, yaani shinikizo la damu, na mwisho nikaitoa ile chupa mfukoni kama mtu anayetoa diploma. Aliisoma, akaiweka pamoja na nyingine. Akauliza mama anakula nini.

"Anakula vizuri, dokta," nikajibu mimi.

Akanyamaza kidogo, akakigeuza kiti chake kuelekea kwa mama.

"Mama, jana jioni ulikula nini?"

"Bugali na mchuzi."

"Mchuzi wa nini?"

"Wa sambaza."

"Na sambaza wenyewe?"

Mama alinitazama mimi kwanza. Kisha akasema chini kwa chini, "Niliwapa watoto."

Magego yake yalikuwa yamekwisha. Sambaza, wale samaki wadogo wa Ziwa Kivu, wakikaangwa walimchoma ufizi, nyama ya mbuzi hakuiweza kabisa, na aliona haya kutema mbele ya wajukuu. Kwa hiyo alichovya bugali kwenye mchuzi, akala sombe, majani ya muhogo, akanywa chai, na samaki wakahamia kwenye sahani za watoto. Tangu lini? Tangu kabla ya Pasaka ya mwaka uliotangulia. Mimi ndiye niliyekuwa napakua. Niliona sahani inarudi tupu nikahesabu moyoni kwamba mama amekula samaki. Nilikuwa na uhakika wa kidonge kimoja cha asubuhi, na sikujua kinachopita mdomoni mwake siku nzima.

Dokta alichora tumbo na utumbo nyuma ya karatasi ya maabara. Vitamini B12, akasema, kwa chakula chetu inatoka kwa wanyama tu: samaki, nyama, mayai, maziwa. Sombe haina. Maharagi hayana. Lengalenga, yaani mchicha, pamoja na uzuri wake wote, haina. Mwili unahitaji kidogo mno, mikrogramu 2.4 kwa siku, na ini linaweka akiba ya miaka, kwa hiyo mtu anaweza kupungukiwa muda mrefu bila kujua. Tena tumbo la mzee linatoa asidi kidogo, na bila asidi ya kutosha B12 haibanduki kwenye nyama au samaki. Ile ya kidonge haihitaji kubanduliwa, ndiyo maana wataalamu wa lishe wa Marekani tangu 1998 wanawashauri waliopita miaka 50 waipate hasa kwenye vidonge au vyakula vilivyoongezewa. Hapo nikaanza kuinua kichwa: basi chupa ilikuwa na kazi!

Ilikuwa nayo. Lakini metformini, ikitumiwa miaka mingi, inazuia B12 isipokelewe mwishoni mwa utumbo mwembamba. Si siri ya waganga wachache. Juni 2022 mamlaka ya dawa ya Uingereza ilitangaza kwamba upungufu huo ni athari ya kawaida ya metformini, hasa kwa dozi kubwa au muda mrefu, na kwamba mgonjwa mwenye dalili apimwe. Kwenye chupa yetu iliandikwa mikrogramu 25. Kwa mtu mwenye akiba, ni nyingi. Kwa mtu ambaye ghala limekauka na mlango umezibwa nusu, haifiki kulijaza.

Kisha akasema jambo lililoniuma zaidi. Ndani ya kidonge kilekile kuna asidi foliki, na mama alikuwa akila sombe na maharagi, ambayo nayo yana foleti nyingi, vitamini ileile kwa jina la chakula. Foleti inaweza kuiweka damu ionekane nzuri wakati B12 inakosekana, na mishipa ya fahamu inaendelea kuharibika chini kwa chini. Ile himoglobini 12.3 iliyonifurahisha haikuwa imeuliza habari za mguu.

Damu ilipelekwa Kigali. Siku tisa baadaye jibu la B12 likaja: 118, na maabara ile inaanza kuhesabu kawaida kutoka 200. Dokta hakutupa maneno matamu. Alisema sukari nayo huharibu mishipa hiyohiyo, kwa hiyo hawezi kuahidi kwamba mguu wote utarudi, atatibu kinachotibika. Mpaka leo ninamshukuru kwa jinsi alivyosema vile.

Sindano za hidroksokobalamini, ambayo ni B12, ni nyekundu. Mama alipoiona ampuli aliuliza kama wanamchoma divai ya misa. Siku moja sindano, siku inayofuata pumziko, kwa wiki tatu, kisha moja kila miezi miwili. Wiki ya pili hakuna kilichobadilika na nikaanza kukata tamaa kimyakimya. Wiki ya sita nilikuwa nahesabu pesa za vitenge jioni, mama akasema kutoka kitini kwake, "Na yule mama wa Bagira, amekulipa ile blauzi ya Jumamosi?" Hakuwa amelipa. Nilikuwa nimesahau mimi.

Agosti aliomba kitambaa na uzi. Mshono wa kwanza ulikwenda upande, akaufumua.

Katika miezi ile nilikuwa na hasira na chupa. Nilitaka kuitupa, na kumwandikia yaya asitume tena. Binti yangu ndiye aliyenizuia. Alikuwa amesoma, akakaa nami akinifasiria kutoka Kifaransa, na mimi nitawaeleza nilivyoelewa, maana wengi wetu tuna wazee wanaomeza vidonge hivi.

Marekani kulifanyika jaribio kubwa liitwalo COSMOS, watu 21,442, wanaume kuanzia miaka 60 na wanawake kuanzia 65. Wengine walipewa multivitamini ya kila siku, yaani kidonge chenye vitamini nyingi pamoja kama kile cha mama, wengine kidonge kitupu kinachofanana nayo. Katika sehemu moja iliyochapishwa 2023, watu 3,562 walipimwa kumbukumbu, na waliokunywa vitamini walikumbuka maneno vizuri kidogo zaidi. Watafiti wakakadiria kwamba tofauti hiyo ni kama miaka mitatu ya kuzeeka kwa kumbukumbu. Kwa saratani na magonjwa ya moyo, multivitamini haikuonyesha faida ya kutegemea. Halafu 2024 ukatoka uchunguzi mwingine wa Marekani, watu 390,124 wenye afya waliofuatiliwa miaka zaidi ya 20: wanaomeza multivitamini kila siku hawakuishi zaidi ya wasiomeza.

Kwa hiyo yaya hakutuma uongo. Alituma kitu kidogo, chenye faida ndogo inayowezekana, na sisi tukakipa kazi ya dokta, ya mpishi na ya binti. Ninachokiona mimi katika takwimu zile ni hiki: wale wazee wa Marekani waliulizwa kidonge kinaongeza nini kwa mtu anayekula. Mama yangu alikuwa hali samaki, na hakuna aliyemwuliza.

Baba mdogo, aliposikia habari hizi zote, alikuja na chake: vidonge vya beta-karotini, ambayo mwili huigeuza kuwa vitamini A, alivyouziwa njiani "kwa ajili ya macho". Baba mdogo anavuta sigara tangu ujana wake. Binti yangu alivichukua mkononi mwake kwa heshima na hakuvirudisha. Finland, katika jaribio lililochapishwa 1994, wanaume wavutaji 29,133 walifuatiliwa. Waliopewa miligramu 20 za beta-karotini kila siku walipata saratani ya mapafu kwa asilimia 18 zaidi. Ile sentensi ya "ni vitamini tu, haina ubaya" siwezi tena kuisikia nikanyamaza.

Sasa niseme tunachofanya nyumbani, maana hapo ndipo kazi ilipo.

Sambaza tunanunua asubuhi, wakiwa bado wanang'aa. Siku za mbalamwezi hawapatikani vizuri, kwa sababu wavuvi huwaita kwa taa na mwezi ukiwaka taa hazina nguvu. Basi siku za giza tunanunua wa kutosha. Tunawaosha, tunawatandaza juani kwenye lungo mpaka wakauke, kisha nawakaanga kwenye sufuria kavu, bila mafuta, moto mdogo, nikiwageuza kwa mkono mpaka wavunjike wakishikwa. Hapo wanaingia kinuni wazima, kichwa na mifupa. Mifupa ndiyo kalsiamu yenyewe, haitupwi. Mara ya kwanza sikuwakausha vya kutosha, ikawa uji wa kunata na nyumba ikanuka siku mbili. Mara ya pili unga ulitoka mwepesi, rangi ya mchanga wa ziwa, nikauchekecha kwa chujio la chai. Vijiko viwili vikubwa kwenye sombe yake, au kwenye maharagi yaliyopondwa na mafuta ya mawese, na hakuna kitu cha kutafuna wala cha kutema. Mama hukaa karibu na kinu na kutuhadithia kwamba samaki hawa si wenyeji wa Kivu, kwamba waliletwa kutoka Tanganyika yeye akiwa msichana mdogo, mwishoni mwa miaka ya 1950. Amenieleza mara nyingi, ila sasa anajua kwamba ameshanieleza.

Mashanza, maziwa ya mgando, tunapata kwa mama mmoja wa Kabare anayepita Alhamisi. Mayai yalikuwa kila siku. Benki zilipofungwa mjini Februari 2025 na pesa ya yaya ikawa inakuja kwa simu tu, ikikatwa njiani, mayai yakawa mara mbili kwa wiki. Unga wa sambaza haukukatika.

Na mezani kuna sheria mpya: mama anakula kabla ya watoto, na mimi nakaa mbele yake mpaka amalize. Mwanzoni alichukia. "Unanilinda kama mfungwa," alisema. Siku hizi ananihadithia habari za mtaa wakati anakula.

Yaya alipopiga simu kuuliza kama chupa imekwisha, nilimwomba atume pesa za meno badala yake. Alinyamaza muda mrefu, nikasikia gari zinapita huko kwake. "Kwa hiyo miaka yote nilikuwa natuma bure?" Hapo nilielewa kwamba kwake pia ile chupa ilikuwa kulipa deni la siku. Nikamwambia hapana, yaya, mama anaipenda, dokta ameiangalia na ameiruhusu, haina chuma cha ziada wala haigombani na dawa zake, tuma na chupa ukiweza. Akatuma vyote viwili. Meno ya chini yanalegea, na mama huyavaa kwa nyama na kwa wageni tu. Chupa ipo juu ya kabati, kando ya baba, na kila asubuhi bado anameza kimoja.

Mguu wa kulia haujarudi wote. Vidole viwili vya mwisho havisikii, na kila usiku nakagua nyayo zake kwa tochi ya simu, kama tulivyofundishwa, nikipitisha kidole katikati ya kila kidole. Anavaa viatu vya kufunika hata ndani ya nyumba.

Jumapili moja ya Juni 2025 tulikuwa tunashuka kutoka misa, kilima kilekile, jua limewaka, watu wengi. Karibu na wauza makala mama alisimama ghafla, akanishika mkono kwa nguvu, nikadhani anaanguka.

"Ngoja," akasema. "Kuna jiwe kwenye kiatu."

"Mguu gani?"

"Wa kulia."

Nilimkalisha kwenye gunia la muuza makala, bila hata kuomba, nikapiga magoti pale njiani na kitenge changu cha Jumapili, nikafungua kiatu na kukipindua. Kikaanguka kijiwe cheusi, kidogo kuliko punje ya mtama. Mama akakiokota, akakiweka kiganjani mwangu.

"Ona," akasema, "nimekisikia."